Tsunami na magari: jinsi ya kupanga barabara ili watu wasikwame kwenye foleni

Watu wengi wakiambiwa wapange jinsi magari yatakavyoondoka tsunami ikija wanaanzia ufukweni, yaani nani atasimama pale chini na reflekta ayapungie magari yapande. Hapo ndipo wanapokosea. Foleni ya tsunami haitengenezwi chini, inatengenezwa juu, pale gari la kwanza linapofika sehemu salama, dereva anaona haya tumepona, anasimama hapohapo katikati ya barabara anatoa simu apige vidio ya bahari. La pili linasimama nyuma yake, la tatu linajaribu kupenya pembeni linakutana na lori, na baada ya muda mfupi mkia wa foleni umeshafika mchangani ambako kuna watu hata milango ya nyumba hawajafunga. Kwa hiyo kama uko kwenye kamati ya maafa ya mtaa, au unasimamia hoteli, shule, kiwanda au bandari karibu na bahari, kazi yako kubwa ni kuhakikisha kichwa cha foleni hakisimami. Mengine yote yanafuata baada ya hapo.

Ila kabla hujachora mshale hata mmoja kwenye ramani kuna mambo mawili lazima uyajue, muda na hesabu.

Una dakika ngapi?

Kwa mtu anayepanga barabara, tsunami ziko za aina mbili tu. Kuna ya karibu, tetemeko linatokea hapohapo nje ya pwani yenu, mnalisikia wenyewe miguuni, na maji yanakuja ndani ya dakika. Palu kule Indonesia mwaka 2018 yalifika ndani ya dakika chache, na kwenye rasi ya Noto nchini Japani tarehe 1 Januari 2024 kuna sehemu zilipigwa mapema hivyohivyo, mtu hata hajamaliza kuvaa viatu. Halafu kuna ya mbali, tetemeko limetokea ng'ambo ya bahari, nyie hamjasikia chochote, mnaambiwa na redio. Ile ya Desemba 2004 ilianzia Sumatra ikachukua kama saa 7 kufika Somalia, na ile ya Kamchatka, Urusi, Julai 2025 iliwapa watu wa Hawaii masaa kadhaa ya kujipanga.

Hizi zinahitaji plani mbili tofauti kabisa na naomba sana msizichanganye kwenye karatasi moja. Ukitumia plani ya masaa kwenye tsunami ya dakika kumi utaua watu, na ukitumia ya dakika kumi kwenye ya masaa utawatembeza wazee kilomita nyingi bila sababu yoyote. Kwenye ya karibu hakuna kusubiri king'ora wala tangazo: ardhi ikitikisika kwa nguvu au ikitikisika muda mrefu, bahari ikirudi nyuma ghafla, au ukisikia ngurumo kutoka baharini, hilo ndilo tangazo lenyewe, mtu anaondoka. Maana yake kwa upande wa magari ni kwamba hakuna askari wa trafiki atakayewahi kufika kwenye kituo chake, umeme pengine umekatika, na kila kitu mnachotaka kitokee barabarani lazima kiwe kimeshawekwa tayari au kimeshaingia kichwani mwa watu kabla ya siku hiyo.

Hesabu ambayo inabadilisha mawazo ya kikao

Leni moja ya barabara, ikiwa haina taa wala makutano na kila mtu anaendesha vizuri, inapitisha magari kama 1,800 mpaka 2,000 kwa saa. Weka taa za barabarani au njia panda yenye watu wanaokata kona na inashuka mpaka nusu au chini ya hapo. Sasa tuseme mna dakika 15. Kwenye karatasi leni moja itapitisha magari 450, kwenye hali halisi yenye njia panda mbili tatu na watu waliochanganyikiwa mkipata 200 mshukuru. Kila gari na watu wawili ndani, hao ni watu 400.

Chukua leni ileile, upana wa mita 3, waachie watu watembee. Kila mita moja ya upana inapitisha watu kama 60 kwa dakika bila kusukumana. Mara mita 3, mara dakika 15, hao ni watu 2,700. Ndiyo, wanatembea taratibu, ukikadiria mita moja kwa sekunde mtu atafika mita 900 kwa hizo dakika 15, na mzee au mwenye mtoto mgongoni atafika pungufu ya hapo, lakini mtu mmoja akianguka wengine wanamzunguka au wanambeba, gari moja likizima katikati ya kilima kila kilicho nyuma yake kimeisha.

Hesabu nyingine ambayo watu hawaifanyi ni ya urefu. Gari kwenye foleni linakula kama mita 7 ukihesabu na nafasi ya mbele yake. Kama kutoka ufukweni mpaka kwenye mstari wa usalama, yaani pale eneo la hatari linapoishia, ni mita 700, magari 100 yanaijaza barabara yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. La mia moja na moja halina pa kuingia! Na ukiangalia maegesho ya hoteli moja tu ya ufukweni yana magari zaidi ya hayo.

Msichukue namba zangu kama zilivyo, nendeni mkahesabu kwenu. Tafuta njia panda nyembamba kuliko zote kwenye njia yenu ya kupanda, simama pale saa ya msongamano, hesabu magari yanayopita kwa dakika 15, rudia siku nyingine. Hiyo namba ndiyo uwezo wenu wa juu, siku ya siku itakuwa ndogo zaidi. Halafu hesabu magari yanayolala au kupaki ndani ya eneo la hatari. Ukilinganisha hizo mbili kikao chote kitanyamaza na ndipo mtaweza kuongea vizuri.

Punguza magari kwanza

Kanuni ya Japani kwa miaka mingi imekuwa watu wakimbie kwa miguu, na bado kwenye tsunami ya Machi 2011 serikali yao ilipowahoji walionusurika ilikuta zaidi ya nusu walitumia gari na karibu theluthi ya hao walikwama kwenye foleni. Pale Yuriage, mji wa Natori, maji yalichukua zaidi ya saa moja kufika, muda wa kutosha kabisa, lakini magari yalijazana kwenye makutano yao na watu wakakutwa humohumo. Baadaye serikali yenyewe ikakubali kwamba kuna sehemu tambarare sana ambako bila gari mzee hafiki, ikaruhusu miji ipange matumizi ya magari kwa wanaohitaji kweli. Huo ndio msimamo wangu pia. Kusema "marufuku gari" ni uongo ambao kila mtu ataukubali kwenye kikao halafu siku ya tukio atachukua ufunguo.

Kwa hiyo amueni mapema nani anapanda gari na mwandike majina kabisa, mtaa kwa mtaa: mwenye kiti cha magurudumu, mgonjwa wa kitandani, mjamzito aliyekaribia, mzee asiyeweza kupanda kilima, na wale ambao wakitembea kwa mwendo wao halisi hawafiki kwenye muda mliokadiria. Halafu kila mmoja wa hao apangiwe gari na dereva, na dereva wa akiba, maana dereva wa kwanza anaweza kuwa kazini. Nyumba moja gari moja, na gari linaondoka limejaa. Baba na lake, mama na lake, kijana na pikipiki, hapana, hata kama gari ni jipya na mkopo haujaisha. Naelewa uchungu wa kuacha gari, lakini gari la pili la jirani yako ndilo linalomzuia wa nyuma asipite.

Trela na boti zisivutwe kwenye tsunami ya karibu. Sehemu zenye bandari ndogo za boti za starehe lazima mtasikia kelele hapa. Simameni kidete, gari lenye trela halikati kona ya rivasi kwenye kilima na linachukua nafasi ya magari mawili.

Shule ndiyo inavuruga plani nyingi. Shule ikiwa ndani ya eneo la hatari wazazi watateremka na magari kuwafuata watoto, yaani mnapata magari yanayoenda baharini yakikutana uso kwa uso na yanayopanda. Dawa yake si kuweka askari mlangoni, dawa ni mzazi aamini kwamba mwalimu ameshaondoka na watoto kwa miguu na anajua ni kilima gani. Wapelekeni wazazi wakaione hiyo njia, waitembee wenyewe na watoto wao, wajue kwamba wakienda shuleni watakuta geti tupu. Mkifanikisha hilo peke yake mmeshatoa idadi kubwa ya magari barabarani bila kununua hata koni moja.

Juu: kichwa cha foleni kisisimame

Nimesema hapa ndipo mchezo ulipo, kwa hiyo vumilia nikiongea kwa kirefu.

Mstari wa usalama kwenye ramani usiwe mahali pa kusimama. Gari likivuka mstari liendelee kwenda, lipewe mahali pa kufika ambapo ni mbali kiasi kwamba magari yote mliyoyakadiria yanaingia nyuma yake bila mkia kurudi kwenye eneo la hatari. Gari moja likipakiwa pamoja na nafasi ya kugeuka linataka kama mita za mraba 25. Magari 450 yanataka 11,250, hicho ni kiwanja cha mpira na nusu nyingine juu yake. Je mnacho? Kama mnacho, nani ana ufunguo wa geti? Usiku? Sikukuu? Nimeona plani nzuri kwenye makaratasi ambayo eneo la kufikia ni uwanja wenye geti la mnyororo na mlinzi mmoja. Wekeni kufuli ambayo watu kumi wana ufunguo wake, au mnyororo ambao mkasi wa bati unaukata, au ondoeni geti kabisa.

Kama hamna uwanja wa kutosha msilazimishe, yapelekeni magari yaende mbele kabisa kuelekea bara kwenye barabara pana na yasambae huko. Gari linalotembea halizuii mtu.

Uwanja ujazwe kuanzia mwisho wa ndani. Dereva kwa kawaida anapaki karibu na geti ili aondoke haraka, na magari kumi tu yakifanya hivyo geti limezibika na uwanja mzima uko mtupu nyuma yao. Kwa hiyo mtu wenu wa kwanza anasimama kule ndani kabisa anaita, wa pili getini anasukuma watu waingie wasishushe mizigo hapo, wa tatu yuko barabarani juu ya mstari na kazi yake ni moja tu, kupiga kelele "endelea, endelea, usisimame". Watatu hawa wote wako sehemu salama, na hiyo ndiyo raha ya kuanzia juu, huhitaji kumweka mtu hatarini kufanya kazi inayookoa wengi zaidi. Wenyeji wanaoishi juu ya mstari ndio wafundishwe kazi hii kwa sababu wao wako pale tayari, hawana haja ya kukimbia.

Halafu kuna wakazi wa huko juu wanaopaki pande zote mbili za barabara ya mtaa. Barabara ya mita 6 ikipakiwa kote inabaki leni moja nyembamba. Pigeni rangi ukingo mmoja, marufuku kupaki mwaka mzima, siyo siku ya tsunami.

Na watembea kwa miguu msiwasahau, wakifika juu nao wanasimama barabarani kutazama chini. Watengenezeeni mahali pa kutazamia, nasema kweli, kijiwe pembeni chenye nafasi, watatoka barabarani wenyewe.

Njia panda, reli, mito

Sasa teremka. Kwenye kila makutano kati ya bahari na mstari jiulizeni gari linafanya kitu gani kinachomsimamisha mwingine. Mara nyingi ni kukata kona kuvuka leni ya wanaokuja. Kiondoeni: siku hiyo kila mtu anakunja upande wa leni yake tu au anaenda moja kwa moja, hata kama njia inakuwa ndefu kidogo. Kuendesha sambamba na ufukwe kukatazwe kabisa kwa sababu kila dakika unayoenda pembeni ni dakika hujapanda, na magari ya pembeni ndiyo yanayokata foleni za wanaopanda.

Tafuteni pia barabara fupi iliyo mwinuko mkali na muiachie miguu peke yake, na ile ndefu iliyolala iwe ya magari. Kuchanganya watu na magari kwenye barabara moja nyembamba kunawachelewesha wote, gari linafuata mwendo wa mtu wa mbele na mtu anabanwa ukutani. Kama barabara ni moja tu basi wenye miguu wapewe upande mmoja mzima uliowekewa alama, na mjue hapo uwezo wa magari umepungua, rudini kwenye orodha ya wanaoruhusiwa mkaikate.

Taa za barabarani zichukulieni kama hazipo. Tetemeko likikata umeme makutano makubwa yanageuka vurugu, kwa hiyo kanuni ya nani apite iwe imeandikwa kwenye kibao pale pale: anayepanda ana haki. Vizuizi vya reli navyo ni mtego mbaya, treni zikisimama ghafla kwa tetemeko kizuizi kinaweza kubaki kimeshuka na madereva waadilifu wakakaa wakisubiri treni ambayo haiji. Ongeeni na watu wa reli mapema nani ana mamlaka ya kukiinua na kwa kutumia nini. Mkishindwa kukubaliana, njia ya magari isivuke reli.

Daraja baada ya tetemeko kubwa mara nyingi limesimama lakini pale linapokutana na barabara udongo umetitia kukawa na ngazi ya sentimita ishirini thelathini, gari dogo halipandi. Na tsunami hupanda mtoni kabla haijafika mitaani, mwaka 2011 maji yaliingia mto Kitakami wa Japani mpaka karibu kilomita 49 kutoka baharini. Kwa hiyo njia inayofuata ukingo wa mto, hata kama inaelekea bara na ina lami nzuri, ifuteni kwenye ramani.

Kuhusu kugeuza leni zote ziende upande mmoja, swali hili linaulizwa kila mara. Kwa vimbunga vya Marekani inafanyika, lakini kule wana siku nzima au zaidi na askari kwenye kila mchepuko. Kwa tsunami ya karibu msijaribu. Mkigeuza leni bila kumfungia anayekuja kutoka juu mtapata magari yanayogongana ana kwa ana kilimani na hapo mmefunga barabara zote mbili. Badala yake leni ya kushuka iacheni wazi kwa ajili ya ambulensi na kwa wanaozunguka gari lililozima.

Alama za kudumu zinafanya kazi bila umeme na bila mtu. Wellington, New Zealand, wamepaka mistari ya buluu barabarani kuonyesha mpaka wa eneo salama, unavuka mstari unajua umetoka. Ni rangi tu, lakini inamwambia dereva mambo mawili kwa mara moja, bado hujafika, na umeshafika sogea mbele uwaachie wengine.

Kama lazima mtu asimame chini

Kuna sehemu mtalazimika, labda tsunami ina dakika 30 au 40 na makutano ni mabaya sana. Basi mtu huyo awe na dakika yake ya kuondoka na isiwe ya kujadiliwa. Chukua muda wa maji kufika, toa dakika anazohitaji kutembea kutoka pale mpaka juu, toa tena dakika 10 za tahadhari. Maji dakika ya 30, kutembea 10, tahadhari 10, maana yake ikifika dakika ya 10 anaacha reflekta anaondoka hata kama foleni inamlilia. Mwaka 2011 Japani ilipoteza watu zaidi ya 250 wa vikosi vya zimamoto vya kujitolea, wengi walikuwa wanafunga mageti ya bahari, wanawabeba wazee na kuwaelekeza wengine. Saa iwekwe alamu mwanzoni kabisa, maana ukiwa katikati ya kazi dakika huzioni zinavyoenda.

Ikiwa ya mbali

Hapa ndipo askari, koni, mabasi na redio za mawasiliano vina maana. Jambo la kwanza ni kufunga wanaoingia, siyo kuwatoa waliomo. Funga barabara za kuelekea ufukweni kwa nje, kwenye makutano makubwa ambako dereva bado ana pa kugeukia, ukifungia karibu na bahari utapata foleni ya watu wanaogeuza. Halafu toa kwa zamu, hospitali na nyumba za wazee kwanza, hoteli kwa mabasi, mitaa ya mwisho wa barabara kabla ya ile ya karibu na kutokea.

Julai 2025 tahadhari ilipotolewa Honolulu, Hawaii, ilikuwa mchana, watu wakaruhusiwa makazini karibu wote kwa wakati mmoja na barabara zikajaa vibaya, mpaka jeshi likafungua barabara yake ya Kolekole inayopita mlimani ili watu wa upande wa magharibi watoke. Mafunzo ni mawili. Wasioishi wala kufanya kazi eneo la hatari wabaki walipo, na hilo mliseme waziwazi kwenye kila tangazo kwa jina la mtaa, maana gari la mtu ambaye hakuwa na haja ya kukimbia linakula nafasi sawa na la mwenye haja. Na barabara zote binafsi zenye mageti, za mashamba, za kambi, za viwanda, ziwe na makubaliano ya maandishi ya kufunguliwa, na simu ya kupiga saa yoyote.

Vituo vya mafuta ndani ya eneo la hatari vifunge mapema. Foleni ya mafuta inayofika mpaka barabarani inaziba leni nzima, na Hawaii waliziona foleni hizo Februari 2010 tsunami ya Chile ilipotangazwa. Mwambieni kila mtu asiruhusu tenki lishuke chini ya nusu, basi.

Wewe dereva

Ardhi ikitikisika unaendesha, usifunge breki ghafla, washa hazadi, punguza, sogea pembeni usimame mpaka mtikisiko uishe, washa redio. Ukiwa karibu na bahari na juu pako karibu, shuka tembea. Ukiendelea na gari, fuata njia inayopanda, siyo inayokwenda nyumbani.

Foleni ikisimama ndiyo pagumu. Mtu anakaa akisema itasogea sasa hivi, ananyanyua shingo, anapiga honi. Jiwekee kanuni ukiwa mtulivu leo: isiposogea kwa dakika mbili na kuna kilima au jengo imara la zege la ghorofa tatu na kuendelea, unashuka. Sogeza gari pembeni kabisa, zima injini, acha ufunguo ndani, usifunge milango, wanavyofundishwa madereva wa Japani, ili mwingine aweze kulisukuma. Maegesho ya ghorofa nayo ni kimbilio zuri, ila panda kwa miguu.

Maji yanayokwenda kasi, yenye kina cha sentimita 30, yanamwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 yanabeba magari mengi, likiwemo lile refu la kifahari unaloliamini. Ukiona maji barabarani usiyakate. Yakikuzunguka fungua mkanda, shusha dirisha mara moja kabla umeme wa gari haujafa, toka kwa dirisha, maana mlango uliosukumwa na maji haufunguki.

Pikipiki ni nzuri kwa kupenya, lakini zikiwa nyingi nazo zinaziba. Banda Aceh, Indonesia, tarehe 11 Aprili 2012, baada ya tetemeko la ukubwa wa 8.6, barabara zilijaa pikipiki na magari hadi hazipitiki. Bahati nzuri tsunami kubwa haikuja siku ile.

Mazoezi, na kurudi

Fanyeni zoezi siku ya kazi, saa ya msongamano, na jingine usiku. Zoezi la Jumapili asubuhi barabara tupu halipimi chochote. Pimeni muda kuanzia gari la kwanza kuondoka hadi la mwisho kuvuka mstari, na muda ambao foleni ilisimama na kwa sababu ya nini, kisha mrekebishe sababu hiyo moja kabla ya zoezi lijalo. Mwekeni mtu mmoja kwa siri azime gari katikati ya kilima, muone nani anafanya nini.

Na barabara ya kushuka ifungeni baada ya wimbi la kwanza, hapa mtahitaji watu wengi na wenye sauti. Crescent City, California, mwaka 1964 watu waliteremka baada ya mawimbi ya mwanzo wakidhani yameisha, wimbi la nne ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote likawaua. Mawimbi yanaweza kuendelea masaa mengi. Wekeni gari zito la halmashauri likilala kukatisha barabara juu ya mstari, lenye nafasi ya ambulensi kupita pembeni, na lisisogezwe mpaka mamlaka itangaze hatari imekwisha. Mkifungua, tangulizeni mafundi wa umeme, wa barabara na magari ya kuvuta yaliyotelekezwa, kisha mtaa mmoja mmoja, leni ya kupanda ikibaki tupu muda wote.